Uzi wa Nne

Nianze na ukweli, maana nimeuzungukia vya kutosha. Niliharibu gita ya mzee mmoja kwa mikono yangu mwenyewe, nikajua nimeiharibu, na nikanyamaza wiki tatu. Haikupasuka wala kuanguka. Ungeingia pale kwao Kapseret ungeiona imeegemea ukuta wa sebule, nimeipangusa hata vumbi. Niligusa uzi mmoja tu.

Mimi ni mwalimu wa gita. Nakaa Huruma, hapa Eldoret, chumba kimoja, na majirani zangu wamevumilia mengi. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa simu, video baada ya video, bando ikiisha nangoja kesho. Basi nikapata ule ugonjwa wa watu waliojifundisha wenyewe: najiona sana. Sisi watu wa ziwa tumeshasemwa vya kutosha kwa kujisikia, na mimi sijasaidia kulikana hilo.

Kinacholeta wanafunzi kwangu ni kuvuka shingo. Skeli moja, ile do-re-mi ya shule ya msingi, unaweza kuicheza mahali patano kwenye shingo ya gita, kutoka kule kichwani mpaka karibu na tumbo. Kila mahali pana mpangilio wake wa vidole, na sisi tunauita boksi. Watu wengi hujifunza boksi la kwanza wakakaa humo mpaka mvi zikatoka. Wengine wanayajua yote matano lakini hawajui kutoka moja kwenda lingine, kwa hivyo wanaruka, na wimbo unakatika katikati. Mimi nafundisha kutokuruka. Kila boksi lina noti ambazo ni za jirani yake pia. Unashika noti hiyo, unateleza kwenye uzi uleule, na kabla msikilizaji hajajua, umeshahama nyumba. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi, “Gita haina ukuta, ukuta ni wewe.” Maneno hayo niliyapenda sana. Siku hizi siyasemi.

Mwanafunzi ninayetaka kumzungumzia alikuja wakati wa kiangazi, vumbi la Kapseret likiwa bado kwenye gambuti zake. Mama wa miaka hamsini hivi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, vidole vinene, sauti ya chini. Nilidhani ametumwa kuuliza kwa niaba ya mtoto wake.

“Ni mimi,” akasema. “Nimechelewa?”

“Kuchelewa ni kwa basi, Mama. Keti.”

Akaketi, akanieleza. Baba yake alikuja huku kutoka Murang'a akiwa kijana, akaendesha lori la maziwa maisha yake yote. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa na kiharusi. Maneno yalimtoka yote isipokuwa machache: chai, ndiyo, hapana, na majina ya vituo alivyokuwa akipita na lori. Mkono wa kushoto ulibaki na nguvu ya kubahatisha. Lakini gita haikumtoka. Kila asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa anainyoshea kidole, anapewa, anacheza wimbo mmoja aliotunga mwenyewe enzi za lori, hauna maneno, kisha anairudisha na kuomba chai. Dada wa kliniki anayemnyoosha viungo alikuwa amesema asizuiwe kamwe, kwamba ile gita ndiyo inayouweka mkono hai.

“Akicheza, najua yuko,” yule mama akaniambia. “Siku ataacha kucheza nitajua ameenda, hata kama bado anakunywa chai. Nataka tucheze pamoja kabla ya hiyo siku, Mwalimu. Hata kidogo tu.”

Niliguswa, sitasema uongo. Nikamwambia tutaweza. Na tungeweza, haki ya nani.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwao kumwona mzee. Nilimkuta kwenye kiti cha mbao nje ya mlango, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa limewaka, gita kuukuu mapajani. Mbao ya shingo ilikuwa imeliwa na vidole mpaka ikawa na mabonde. Binti yake akamwambia, “Baba, huyu ndiye Mwalimu.” Mzee akanitazama kutoka viatu kwenda juu, akaona suruali yangu ya jinzi, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaanza.

Alicheza kwa kidole gumba na cha shahada tu. Alianzia chini, karibu na kichwa cha gita, akasema, “Kapseret.” Akacheza pale kidogo, halafu mkono ukasogea. “Mjini.” Ukasogea tena. “Plateau. Kaptagat.” Na mwisho juu kabisa, pale ambapo nafasi ya vidole imekuwa finyu, akasema, “Ainabkoi,” akatulia huko kwa raha yake. Ndivyo alivyoziita nafasi zake, kwa vituo vya barabara yake ya maziwa. Na mkono wake haukuruka hata mara moja. Ulipanda kama lori lililopakiwa, gia moja baada ya nyingine.

Mimi nilikuwa nimesimama kando yake kabisa. Ningenyosha mkono ningemgusa bega. Na nilikuwa nikifanya nini? Nilikuwa nikijibu ujumbe wa mazoezi ya kwaya. Kusikia nilisikia. Kutazama, nilitazama mwanzo, nikasema moyoni aa, mambo ya wazee, nikarudi kwenye simu. Alipomaliza nikapiga makofi na kumwambia binti yake, mzee akisikia, “Anacheza vizuri. Lakini ni ule mtindo wa kale. Wewe nitakufundisha njia ya kisasa, utazunguka shingo yote.”

Mtu ameizunguka shingo yote mbele ya macho yangu! Ninapoyakumbuka maneno hayo naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Tulianza masomo kwangu Huruma, kwa gita yangu. Kwa wiki tatu yule mama alinishangaza. Maboksi aliyashika haraka, na vile vidole nilivyovidharau vilikuwa na subira ya mtu aliyezoea kukamua alfajiri. Shida ilianza alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani kwa gita ya baba yake. Kila Jumamosi alikuwa akirudi na uso mzito.

“Mwalimu, hapa kwako inakubali. Nyumbani inakataa.”

“Inakataa wapi?”

“Katikati. Nikifika uzi wa nne, kila boksi linanuka, sauti inaharibika.”

Uzi wa nne ni ule wa nne ukihesabu kutoka ule mwembamba wa chini. Nikamwambia ni vidole. Akafanya mazoezi zaidi. Ikaendelea kunuka. Akaanza kujilaumu, kwamba pengine umri umempita, na mimi nikaona nitampoteza kwa sababu ya gita isiyotunzwa. Basi Jumamosi ya nne nikapanda boda mpaka Kapseret niimalize hiyo hadithi.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa amelala kitini pale nje, mikono tumboni. Nikachukua gita, nikafungua simu kwenye ile programu ya kutyuni, ambayo unapiga uzi na yenyewe inakuandikia sauti gani. Nyuzi tano zilikuwa sawa, zimelegea kidogo tu. Wa nne ulitakiwa usome D. Ukasoma F.

Sasa nisikilize, wewe ambaye hujawahi kushika gita, maana hapa ndipo dhambi yangu inapokaa. Uzi ukiachwa, hulegea. Hushuka. Hakuna uzi duniani unaojikaza wenyewe ukapanda nusu-hatua tatu nzima, na kila mwalimu wa gita analijua hilo kabla hajajua jina lake. Uzi ulio juu hivyo umepandishwa na mtu, makusudi, na mtu huyo anajua anachofanya. Tena kile kikazio cha uzi wa nne, kile kidude cha kichwani kinachozungushwa, kilikuwa kimeshika kutu hata hakikuzunguka kwa vidole. Kilikuwa kimekaa pale pale miaka na miaka. Niliomba koleo! Binti wa mwenye gita akaniletea koleo, nami nikakibana kile kikazio na kukilazimisha kurudi nyuma huku nikinung'unika, “Wazee na vyombo vyao,” mpaka simu ikaandika D na kugeuka kijani.

“Jaribu sasa,” nikamwambia.

Akajaribu. Akavuka kutoka boksi la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, bila kunuka hata kidogo. Alicheka, akasimama, akazunguka meza akicheza mguu. “Kumbe si mimi! Mwalimu, kumbe si mimi!” Akanifungia lita tatu za maziwa na mandazi kwenye gazeti. Nilirudi Huruma nikijiona daktari wa magita wa Uasin Gishu nzima. Mzee nilimwacha bado amelala.

Jumapili asubuhi akanipigia. Alikuwa analia.

“Mwalimu, baba amesahau.”

“Amesahau nini?”

“Wimbo. Ameanza, ameacha. Ameanza, ameacha. Mara nne. Halafu akaangalia mkono wake, akauweka chini. Hajataka hata chai.”

Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua saa ile ile. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimeshika kikombe, na ile herufi F ilinipitia machoni wazi kabisa, na nikaisukuma. Nikasema, “Pole sana, Mama. Ugonjwa huo ndivyo ulivyo.” Nilisema hivyo kwa sauti ya upole. Mimi ni mtu wa kelele, watu wangu wananijua. Nikiwa mpole, jua nimeficha kitu.

Jumamosi nilienda kumpa pole kama wengine. Sebule ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa lao, mchungaji kwenye kochi, birika ikizunguka. Kila mtu alikuwa akizungumza kwa ile sauti ya chini ya matanga, na mzee yuko hapo hapo katikati yetu, macho wazi. Mmoja akasema, “Angalau alifurahia siku zake.” Alifurahia! Kama mtu ameshazikwa!

Binti yake, kwa matumaini ya mwisho, akampa gita mapajani. “Hebu jaribu, Baba, tusikie.”

Mzee akaanza pale Kapseret. Kidole gumba kikapiga uzi wa nne, na sauti ikatoka imeoza. Si kwingine, ni pale pale. Sikuhitaji simu kuniambia. Vidole vyake vilikuwa vikienda mahali palepale vilipoenda siku zote, wala havikuwa vimesahau chochote. Alikuwa anacheza sawasawa kabisa kwenye gita niliyoigeuza kinyume chake.

Na yeye alijua. Hili ndilo linaloniamsha. Aliacha kucheza, akapeleka mkono wa kushoto polepole mpaka kichwani mwa gita, akashika kile kikazio cha nne. Hakukosea, alikikwepa cha tatu na cha tano akashika cha nne. Akajaribu kukizungusha. Kwa kutu ile na mkono ule, angeweza wapi? Vidole viliteleza. Akashika tena. Binti yake akamwinamia, akauondoa mkono ule taratibu, akaushika ndani ya viganja vyake.

“Wacha, Baba, utaiharibu. Mwalimu ameshaitengeneza.”

Mzee akageuka akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia vile dereva anavyomwangalia tanboi, msaidizi wake wa lori, anayejua nati imelegea na amekataa kusema. Alingoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa kufungua kinywa.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Leteni koleo, samahanini, nilikosea, uzi huu ulikuwa juu kwa makusudi yake. Basi. Ningesema hivyo mbele ya watu kumi na wawili ambao dakika chache nyuma binti yake alikuwa amenitambulisha kwao kama mwalimu bora Eldoret nzima, ambao watatu kati yao walikuwa wameshauliza ninafundisha siku gani. Nilifikiria sura zao. Nilifikiria vile habari zinavyotembea kati ya Kapseret na Huruma. Nikachukua andazi.

Mchungaji akaomba. Alimshukuru Mungu kwa kipawa alichompa mzee na kumwomba binti yake apewe nguvu ya kukubali. Nikasema amina kwa sauti.

Nilijiambia nitarudi Jumatatu, mchana, kukiwa hakuna watu, niupandishe uzi kimyakimya niseme nilikuwa nabadilisha nyuzi. Jumatatu nikapata sababu. Jumatano mvua ikanyesha. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi na kwaya ilinihitaji. Mtu akitaka sababu hakosi, hata paa likivuja ni sababu. Siku hizo usiku nililala vizuri, mchana ndio ulikuwa shida: nilikuwa nikiwafundisha watu kuvuka kutoka boksi hadi boksi na nikifika uzi wa nne naruka maelezo. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama naumwa.

Wiki ya tatu, yule mama akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio.

“Mwalimu, nimekubali,” akasema. “Baba hataki hata kuiona ile gita, akiiona anageuza uso. Nimeona nikupatie wewe. Hakuna mtu ameijali kama wewe.”

Woi. Nilikaa chini sakafuni. Mkuki ule niliurusha mimi, na sasa unaletwa kwangu umefungwa kwa karatasi ya zawadi.

“Usiitoe,” nikamwambia. “Nakuja.”

Nilimkuta peke yake na mzee, mzee palepale nje, kofia ileile. Sikusalimia vizuri. Niliomba koleo. Yule mama akaniletea bila kuuliza, akidhani mwalimu ana lake. Nikachuchumaa mbele ya kiti cha mzee, gita gotini, nikakibana kikazio na kuanza kuupandisha uzi wa nne. Ulikuwa uzi mzee, wenye kutu, na ukikatika sasa, sikujua nitaangalia wapi. Kikazio kikalia. Sauti ikaanza kupanda. Mzee, ambaye alikuwa amegeuza uso kwenye ua, akaacha kuangalia ua. Nikapandisha tena. Sikuwa nimefungua simu. Sauti ilipofika mahali fulani, mzee akainua kiganja. Basi. Nikaacha hapo. Baadaye niliipima kwa simu, ikasoma F kamili.

Nikampa gita.

“Kapseret,” akasema, na Kapseret ikatoka safi, uzi wa nne ukinguruma chini yake vile ulivyopaswa kunguruma. Binti yake akaweka kikombe chini. “Mjini,” mzee akasema. Mkono ukasogea, ukitetemeka. “Plateau.” Pale alikaa kwa muda mrefu, akirudia, akivuta pumzi. Kisha akaanza kwenda Kaptagat na vidole vikagoma. Akajaribu tena. Vidole vilikunjamana, vikateleza kwenye mbao, vikaangukia mapajani. Wiki tatu bila kucheza, na mkono ule ulikuwa ukiishi kwa kucheza. Dada wa kliniki alikuwa ameshasema. Mzee akauangalia mkono wake, na safari hii mkono ndio uliokuwa na makosa kweli.

“Lakini ameukumbuka!” yule mama alikuwa akilia na kucheka pamoja. “Mwalimu, umefanya nini? Umefanyaje?”

Nikamwambia. Nikiwa bado nimechuchumaa, koleo mkononi. Nilimwambia uzi ulikuwa juu tangu mwanzo, kwamba baba yake aliuweka huko kwa wimbo wake, kwamba ndio maana maboksi yangu yalikuwa yakinuka kwenye gita ile, na kwamba badala ya kujiuliza niliushusha. Hakuwahi kusahau. Alikuwa anatuomba tuurudishe, na hana maneno.

Yule mama alifuta machozi. Ng'ombe alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya boma, nikausikiliza mlio ule mpaka ukaisha.

“Ile siku ya maombi,” akasema. “Ulikuwa umejua?”

“Nilikuwa nimejua.”

“Na ukakula mandazi yangu.”

“Nilikula.”

“Mimi nilimtoa mkono.” Sauti yake ikapasuka hapo. “Mwalimu, mimi nilimtoa baba yangu mkono kwa gita yake. Nikamwambia ataiharibu. Nikaomba Mungu nikubali, na nikakubali. Nilikuwa nimeshamzika ndani ya moyo wangu, na yeye yuko hapa ananiangalia.”

Hasira yake ningeivumilia, hata angenifukuza na fimbo ya ng'ombe. Lakini alikuwa akijilaumu yeye, na kosa lile lilikuwa langu, na hata hilo nilikuwa nimempa alibebe. Nikasema, “Samahani,” na neno likaanguka pale chini. Akaingia ndani. Nilidhani hatatoka tena mpaka niondoke. Akatoka na viti viwili.

“Utakuja kila Jumamosi,” akasema, wala hakuwa ananiuliza. “Wimbo ninaujua, nimeusikia toka utotoni, nitauimba. Mkono ndio siujui. Kila asubuhi namwachia gita naenda kulisha ng'ombe, na siku ile nilikuwa jikoni nikikupikia chai. Wewe ulisimama karibu naye hapa hapa ukamwona anapanda mpaka Ainabkoi. Kumbuka vile alienda.”

Hilo ndilo deni langu, na sijui nitalilipa na nini. Hatuna video. Yule mama alikuwa akingoja ajue kucheza ndipo warekodiwe yeye na baba yake pamoja.

Basi ninaenda. Mzee ananiwekea kidole pa kubonyeza, nami nabonyeza. Nimeacha maboksi yangu nyumbani, hayana kazi kwenye gita ile. Kapseret tumeipata yote. Mjini na Plateau pia, na binti yake sasa anazicheza vizuri kuliko mimi. Kaptagat ilituchukua miezi miwili, maana mzee anaonyesha kidogo kidogo kulingana na mkono unavyoamka, na akichoka anasema chai. Njia ya kutoka Kaptagat kwenda Ainabkoi ndiyo hatuna. Sauti tunayo. Mama anaiimba mpaka mwisho bila kukosea. Mimi naitafuta kwenye shingo: kwa uzi wa pili, kwa uzi wa tatu, kwa kidole hiki, kwa kile, nafika kila mara, noti zote sahihi. Na kila mara mzee anasema, “Hapana.” Anasikia kwamba nimeruka mahali. Ningekuwa nimeinua macho kutoka kwenye simu siku ile, kwa muda wa pumzi mbili, ningejua.

Jumamosi iliyopita baada ya “hapana” ya sita au ya saba nilikasirika, nikataka kuiweka gita chini. Mzee akanyosha ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya mkono wangu, shingoni, pale Kaptagat. Nikaelewa anataka kunipeleka mwenyewe. Nikalegeza vidole vyote ili anisukume popote anapotaka. Mama alikuwa jikoni akiuimba ule wimbo huku akiosha vikombe, amefika pale panapopanda. Mkono wa mzee ulikuwa wa moto na mzito. Nilingoja usukume. Jikoni wimbo ukafika Ainabkoi, ukaisha, maji yakamwagwa, na sisi wawili bado tulikuwa Kaptagat.